Samani Kuukuu Zilizofufuliwa: Yapasayo Kukaguliwa Kabla ya Kununua

Kuipamba nyumba ya mjini kwa sura ya shamba ni jambo linalowapendeza wengi: kigoda cha bibi sebuleni, mtungi kando ya mlango, kabati la vyombo lililokwanguliwa rangi hadi mti wake ukaonekana, taa ya chemli iliyotiwa nyaya za umeme, na kwa wenye uwezo, sanduku la Kizanzibari lenye misumari ya shaba chini ya dirisha. Hatuna la kuupinga mtindo huo. Samani ya mvule au mninga iliyotunzwa vema yaweza kudumu kuliko aliyeinunua, na mti wa unene ule leo haupatikani kwa bei ya mtu wa kawaida. Ila biashara hii ina neno moja linalobeba sehemu kubwa ya bei, nalo ni "ya zamani". Makala haya yanaeleza namna ya kulipima neno hilo kabla ya kulilipia.

Bidhaa zinazouzwa kwa jina hilo ni za aina tatu. Kuna kitu cha zamani kilichobaki kama kilivyokuwa; kuna cha zamani kilichokarabatiwa; na kuna kipya kilichotengenezwa kionekane cha zamani. Zote tatu ni halali. Fundi anayeunda sanduku jipya kwa msaji, akaligongomea shaba na kulipamba kama la kale, hamdhulumu mtu, mradi aseme kuwa ni jipya. Dhuluma huanza pale aina ya tatu inapouzwa kwa bei ya aina ya kwanza. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Kenya nayo ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Lakini sheria humfaa zaidi mwenye ushahidi, na ushahidi mwingi umo katika chombo chenyewe.

Ukaguzi na uanzie mgongoni na chini, si usoni. Uso wa kabati ndio uliopigwa msasa na kupakwa vanishi. Mgongo wake mara nyingi huachwa. Chomoa droo uitazame ubavuni: seremala wa zamani aliunga mbao kwa meno yanayopishana, tena meno yaliyochongwa kwa mkono hayalingani upana. Meno yanayolingana kabisa ni kazi ya mashine, na droo iliyounganishwa kwa gundi na misumari midogo tu haina sababu ya kuitwa ya kale. Tazama skrubu. Zile zenye alama ya msalaba kichwani zilianza kuenea katika miaka ya 1930. Ukizikuta katika kiti kinachosemwa ni cha karne ya 19, ama kiti kimetengenezwa upya, ama si cha karne hiyo. Ubao wa chembe zilizogandishwa kwa gundi ulienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na ule wa unga laini wa mbao, ambao mafundi huuita MDF, ulikuja baadaye zaidi. Kipande kimoja cha ubao huo mgongoni si kosa, kwani huenda mgongo wa asili uliliwa na mchwa. Kosa ni kutoambiwa.

Meza ya duara ina ushahidi wake. Mti hunywea zaidi kwa upana wa nyuzi zake kuliko kwa urefu wa nyuzi hizo, hivyo meza ya mbao nzima iliyokaa miaka mingi haibaki duara kamili. Pima kwa futikamba kufuata nyuzi, kisha pima kuzikata nyuzi. Kipimo cha pili kikiwa pungufu kidogo, umri unaosemwa una uzito. Vikilingana sawasawa, uliza zaidi.

Tusimame kwenye masanduku, kwa kuwa ndiko fedha nyingi zinakopotea. Masanduku yanayoitwa ya Kizanzibari yalifika pwani yetu kwa majahazi kutoka Bara Hindi na Ghuba, na mengine yaliundwa hapa hapa; mengi ni ya msaji au ya mti wa shishamu, yenye mabamba na misumari ya shaba, na ndani kisanduku kidogo cha siri. Yangali yakiundwa hadi leo. Mwuzaji asiye mwaminifu hulizeesha sanduku jipya kwa kuipaka shaba dawa ili ifanye kutu ya kijani, kulipiga mbao kwa mnyororo, na kulipaka rangi ya kahawa. Uchakavu wa namna hiyo huenea kila mahali sawia, hali matumizi ya kweli hayako hivyo. Mkono wa mwanadamu hushika mahali pale pale: ukingo wa kifuniko, pete za ubavuni, mbele ya kitasa. Miguu huchakaa kwa chini, mahali iliposuguliwa sakafuni. Penye bamba la shaba la miaka mingi, mti ulio chini ya bamba huwa na rangi tofauti na mti wa jirani. Sanduku lililochakaa kifuniko kizima ila halikuchakaa penye pete zake linastahili kutiliwa shaka.

Baada ya umri, afya. Na hapa hatari iliyo kubwa ni rangi. Mafuta ya rangi ya zamani mara nyingi yalichanganywa na madini ya risasi ili yakauke upesi na kung'aa. Marekani ilipiga marufuku rangi ya namna hiyo majumbani mwaka 1978. Kwingineko ilidumu zaidi. Rangi hiyo ikiwa imeshika vizuri haidhuru sana. Hudhuru inapobambuka, na hudhuru kuliko yote inapopigwa msasa, kwa kuwa vumbi lake huvutwa puani na kumezwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo, atambaaye na kutia vidole kinywani, ndiye anayeumia zaidi, hasa ubongo wake. Sasa tazama jinsi mtindo huu wa shamba ulivyo: uzuri unaotafutwa ni huo huo wa rangi iliyobambuka. Ushauri wetu ni kwamba samani yenye rangi ya kale inayobambuka isiwekwe chumba cha watoto hata kidogo. Ikibidi kuikwangua, ikwanguliwe nje ya nyumba, kwa msasa wa maji na si mkavu, fundi akiwa amejifunika pua na kinywa, na takataka zifungwe kwenye mfuko badala ya kufagiliwa uani penye kuku na watoto. Kuchoma rangi kwa moto wa gesi, kama baadhi ya mafundi wafanyavyo ili kuokoa muda, kunageuza risasi kuwa moshi. Tunasihi mteja alikatae jambo hilo waziwazi.

Yanayosemwa juu ya rangi yanahusu pia samani za mbao za majahazi, zinazopendwa Lamu, Kilifi na Unguja. Ubao wa chombo kilichozeeka baharini ni mzuri wa kutazama, tabaka juu ya tabaka ya rangi za buluu na nyekundu. Rangi hizo zilichaguliwa ili zistahimili bahari, si ili mtu alie chakula juu yake. Ubao huo umelowa chumvi, ambayo huvuta unyevu na kuila misumari kwa kutu, hivyo meza iliyoungwa kwa misumari ya kawaida italegea. Uliza kama fundi ametumia skrubu za chuma kisichoshika kutu. Pale ulipopakwa sifa au deheni, harufu hurudi kila msimu wa mvua, hata baada ya vanishi. Kwa meza ya chakula tunapendekeza kioo juu yake.

Wadudu nao wasisahauliwe. Matundu madogo ya bungua peke yake hayaonyeshi kama mdudu yumo au alikwisha kuondoka. Unga mpya ndio unaoonyesha. Pigapiga ubao juu ya karatasi nyeupe. Unga laini ukianguka, au ukauona tena siku ya pili baada ya kufuta, mdudu yumo, naye hatakaa katika kabati lako tu bali atahamia kwenye boriti. Mwuzaji atakwambia amekwisha kupaka oili chafu. Oili chafu ya gari haifai ndani ya nyumba: inanuka, inachafua nguo, na ina sumu zake. Mwuzaji aseme dawa aliyotumia ni ipi, au samani ibaki kwake mpaka itibiwe ipasavyo.

Taa ya chemli au ya shaba iliyogeuzwa kuwa ya umeme isinunuliwe bila kuwashwa mbele yako. Ikiwa mwili wake ni wa chuma, plagi iwe ya miguu mitatu, na waya wa ardhi uwe umefungwa kwenye chuma hicho kweli. Sufuria ya shaba ya kupambia haina taabu, lakini ya kupikia ni lazima itiwe bati ndani. Kitanda cha mtoto cha zamani kipimwe nafasi kati ya fito: kanuni za Marekani haziruhusu kuzidi milimita 60, ili mwili wa mtoto usipite na kichwa kikanasa.

Milango ya nakshi ina habari yake, kwani watu huinunua ili kuifanya meza au kichwa cha kitanda. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaulinda mlango au fremu ya mbao yenye nakshi za Kiafrika au za Mashariki iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, na kitu cha namna hiyo hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioandikishwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, una mamlaka yake ya uhifadhi, na nyumba zake si ghala la milango. Mlango mkuu ukiwa kuukuu kweli, mwulize mwuzaji umetoka nyumba gani na kwa ruhusa ya nani. Kiti cha enzi kilichopambwa pembe nacho kina tatizo lake: biashara ya pembe za ndovu baina ya mataifa ilipigwa marufuku kwa mapatano ya mwaka 1989, na forodha haitasikiliza kwamba kilikuwa cha babu.

Ukiisha kuridhika, risiti iandikwe mambo matatu kwa maneno ya mwuzaji mwenyewe: mti ni upi, umri unaodaiwa ni upi, na nini kimebadilishwa au kuongezwa. "Kabati moja" haitoshi. "Kabati la mninga, la miaka ya 1950, mgongo mpya wa plaiwudi, bawaba mpya" inatosha, nayo ndiyo karatasi utakayokuja nayo kwetu ikiwa mambo si kama ulivyoambiwa. Mwuzaji mwaminifu huandika bila kusita. Anayesita, na apunguze bei mpaka ifikie ile ya samani mpya ya aina hiyo. Kama unampa fundi chombo chako mwenyewe akikarabati, kipige picha pande zote kabla hakijaondoka nyumbani, pamoja na vitasa na bawaba zake. Shaba ya zamani ina soko lake, na imewahi kurudi ikiwa bati lililopakwa rangi ya dhahabu.