Saa Iliyocheleweshwa na Waya

Nilipokuwa shule ya msingi nilipewa kazi ya kushika saa katika mbio za mita 100. Mwalimu alikuwa kule wanakoanzia, mimi huku kwenye utepe. Alipogonga vibao viwili vya mbao, nikasikia mlio, nikaanzisha saa. Mkimbiaji wetu akaonekana bingwa wa ajabu! Mwalimu akaniuliza: “Wewe, vibao uliviona au ulivisikia?” Kumbe sauti huchukua karibu sehemu tatu za kumi za sekunde kufika mita 100. Nilichelewa kuanza, na muda huo nikamzawadia mkimbiaji.

Mwaka 2011 kosa la namna hiyo liliwapata wataalamu wakubwa.

Katika maabara za leo anayeshika saa ni kadi inayochomekwa ndani ya kompyuta. Hupokea vipimo vya joto, mwanga au umeme na kuvigeuza kuwa tarakimu. Kadi ina saa yake ndogo, na kwa kupima mahali pamoja yatosha. Lakini kadi mbili zilizo mbali zitaachana polepole, kama saa zetu za mkononi. Ndipo huletewa ishara kutoka nje: moja yasema “anza!”, nyingine yapiga mapigo kama ngoma inayowaongoza wachezaji wote. Ishara hizo nazo husafiri katika waya, na muda wa safari sharti upimwe na kutolewa katika hesabu.

Sasa sikilizeni. Kikundi cha utafiti kiitwacho OPERA kilipima mwendo wa chembe ndogo sana, nyutrino, kutoka CERN karibu na Geneva hadi maabara iliyo chini ya mlima Gran Sasso, Italia, kiasi cha kilometa 730. Septemba 2011 kikatangaza kwamba zimeutangulia mwanga kwa nanosekunde 60, yaani vipande 60 vya sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Nadharia ya Einstein ya mwaka 1905 ikawa mashakani. Wenyewe walishangaa, wakawaomba wenzao wawakague.

Mapema mwaka 2012 kosa likaonekana. Ishara ya saa ya setilaiti ilifika kwenye kadi ya kompyuta kwa waya wa nyuzi za kioo, na kiungo cha waya huo hakikukazwa sawasawa. Mwanga ukapita hafifu, kipokezi kikakawia kuutambua, ishara ikachelewa nanosekunde 73 hivi. Saa ikabaki nyuma, chembe zikaonekana zimewahi. Kosa jingine dogo katika saa ya maabara lilivuta upande wa pili. Yote mawili yaliposahihishwa, nyutrino hazikuushinda mwanga. Viongozi wawili wa kikundi walikwisha kuacha nyadhifa zao Machi 2012.

Siwacheki, maana walitafuta kosa lao mpaka wakalipata, wakalitangaza. Lakini mtu akikuletea kipimo cha kushangaza, muulize kwanza kama nilivyoulizwa mimi: saa yako iliambiwa “anza” na nani, na kwa njia gani?