Upanga wa Mababu: Jinsi ya Kuutambua na Kuutunza

Katika baadhi ya nyumba za Lamu bado kuna upanga uliorithiwa, umetundikwa ukutani au umefichwa sandukuni. Baadhi ya panga hizo huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na nyingine huharibiwa na wenyewe kwa nia njema ya kuzing'arisha. Zikipotea, historia ya ukoo hupotea nazo.

Kuutambua

Panga za kale za pwani ni za aina mbili kuu. Upanga mnyoofu wenye makali pande zote mbili na mpini mrefu usio na kikinga mkono ni wa mtindo wa Oman. Upanga uliopinda huitwa kitara.

Upanga uliofuliwa kwa mkono huwa mnene karibu na mpini na hupungua kuelekea nchani. Ule wa mapambo uliotengenezwa juzi mara nyingi ni bati lenye unene mmoja. Alama ya nusu mwezi au ya mbwa mwitu anayekimbia huonekana kwenye bapa zilizoagizwa kutoka Ujerumani, lakini mafundi wa nchi nyingine waliziiga. Kwa hiyo alama peke yake si ushahidi.

Kuutunza

Hewa ya chumvi ndiyo adui mkubwa. Wakazi wanashauriwa kufuata haya:

1. Usinoe, usipige msasa, wala usisugue kwa ndimu au majivu. Weusi wa kale si uchafu. Kutu nyekundu inayopukutika ndiyo hatari.
2. Usishike bapa kwa mkono mtupu. Jasho lina chumvi.
3. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu cha pamba, kisha paka mafuta ya cherehani kidogo sana kwenye chuma pekee. Mafuta ya nazi na ya kupikia huganda na kuharibu chuma.
4. Usihifadhi upanga ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu. Weka kila kimoja peke yake, mahali pakavu, bila kufunga kwa plastiki.
5. Piga picha, pima urefu, na uandike jina la aliyeurithi na aliyemrithisha wazee wangali hai.

Sheria inasemaje

Chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, kifaa kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni kitu cha kale. Hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali. Mnunuzi anayetaka kuondoka nacho kimyakimya anamwingiza muuzaji matatani.

Mwenye shaka apeleke picha kwanza kwa maafisa wa Makumbusho ya Lamu. Asitembee na upanga wazi barabarani. Kuuliza hakumnyang'anyi mtu urithi wake, ila kuuza kwa pupa hakurudishiki.