Dola na dola: Neno moja au mawili?

MWANAFUNZI wangu mmoja wa mwaka wa pili aliwahi kuandika kwamba 'dola' yenye maana ya serikali na 'dola' ya Marekani ni neno moja lenye maana mbili, kwani hakuna pesa bila serikali. Nilimnyima alama zote. Hii, nilimwandikia kwa wino mwekundu, ni homonimia wala si polisemia.

Kietimolojia, sikukosea. Dola ya kwanza imetoka kwa Kiarabu 'dawla'. Ya pili chimbuko lake ni Joachimsthal, mji wa machimbo ya fedha huko Bohemia, uliotoa sarafu kubwa za fedha katika karne ya 16. 'Thal' ni bonde kwa Kijerumani, hivyo sarafu ikaitwa 'thaler', yaani ya bondeni. Waholanzi wakasema 'daalder', Waingereza 'dollar', nasi tukasema dola.

Lakini hebu tuitazame Ujerumani ya karne ya 18. Haikuwa nchi moja. Ilikuwa mamia ya vijidola vya wafalme, watawala wadogo, maaskofu na hata miji, na vingi vilitengeneza sarafu vyenyewe. Thaler ya huku haikulingana na ya kule. Mfanyabiashara bila mizani, kwisha!

Mwaka 1753, Austria na Bavaria zilikubaliana kwamba marki moja ya Cologne, yapata gramu 234 za fedha safi, itoe thaler 10. Vijidola vingi vikafuata. Baadhi viliichapa ahadi hiyo kwenye sarafu yenyewe: kumi kwa marki moja safi.

Kisha vikaja Vita vya Miaka Saba (1756-1763). Friedrich II wa Prussia aliiteka Saxony, akatengeneza sarafu zilizopunguzwa fedha na kuongezwa shaba, zikiwa na sura ya mtawala wa Saxony. Kumbe chapa inaweza kubaki ileile na thamani ikayeyuka! Aliyeumia ni raia aliyeamini alichokiona kwenye sarafu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwanafunzi wangu. Naam, maneno ni mawili, na kamusi iendelee kuyatenganisha. Ila hoja yake ilivuka kamusi: dola isipotimiza ahadi, dola ya mfukoni hubaki kipande cha chuma. Alistahili nusu ya alama. Walimu wenzangu, kabla ya kukata, tuulize kwanza mwanafunzi alitaka kusema nini.