Vitabu Vikongwe vya Kiebrania: Kabla ya Bei, Tuulize Amana

Sifa zote njema anastahiki Allaah.

Mwezi wa Mei 2023, katika mnada uliofanyika New York, nakala ya kale ya Biblia ya Kiebrania iliuzwa kwa dola milioni 38.1. Iliandikwa kwa mkono kiasi cha miaka 1,100 iliyopita, na hujulikana kwa jina la Codex Sassoon. Wengi walishangazwa na bei. Sisi tunaona lenye faida zaidi kulijua ni njia iliyopitia, kwani suala la amana ndilo mzizi wa biashara yote ya vitabu hivi.

Kwa nini ni adimu?

Sababu ya kwanza ni heshima ya Mayahudi wenyewe kwa maandishi. Kama sisi tusivyotupa jaani kurasa za Msahafu zilizochakaa, nao hawatupi karatasi yenye jina la Mungu. Huiweka katika chumba kiitwacho geniza, kisha huizika. Kwa hiyo vitabu vingi vilivyosomwa sana viliishia ardhini. Geniza mashuhuri kuliko zote ilikuwa katika sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, mji ulioasisiwa na Swahaba 'Amr bin Al-'Aasw (Radhwiya Allaahu 'anhu), ambao leo ni sehemu ya Cairo. Karatasi zake zilibaki chumbani karne nyingi bila kuzikwa. Mwaka 1897, kwa ruhusa ya viongozi wa Mayahudi wa huko, msomi Solomon Schechter alizipeleka Cambridge, Uingereza, vipande karibu 193,000.

Sababu ya pili ni moto. Mwaka 1553, kwa amri ya wakuu wa Kanisa, nakala za Talmud, kitabu chao kikubwa cha sheria, zilichomwa hadharani mjini Rome, na miji mingine ya Italia ikafuata. Ndiyo maana Talmud kamili ya kwanza kupigwa chapa, iliyotolewa Venice na Daniel Bomberg kati ya 1520 na 1523, ni nadra sana kuonekana ikiwa na juzuu zake zote. Seti moja iliuzwa mwaka 2015 kwa dola milioni 9.3.

Mkusanyaji huangalia nini?

Huangalia kama kurasa zimetimia, kama mwandishi ameacha jina, mji na tarehe mwishoni, na kama pana majina ya waliokimiliki au sahihi za wakaguzi wa Kanisa. Alama hizo zinaonyesha umri wa kitabu na pia mikono kilikopita.

Codex Sassoon ina maandishi ya aina hiyo. Yanaeleza kuwa kitabu kilikuwa cha sinagogi la Makisin, nchini Syria. Lilipobomolewa, kitabu kiliwekwa kwa mtu aitwaye Salama bin Abi al-Fakhr, akitunze mpaka lijengwe upya. Halikujengwa tena. Kitabu hakikujulikana kilipo kwa karne nyingi, hadi mwaka 1929 mkusanyaji David Solomon Sassoon alipokinunua.

Vingine viliporwa. Katika Vita vya Pili vya Dunia Wanazi walinyang'anya maktaba za Mayahudi kote Ulaya. Baada ya vita, mamilioni ya vitabu yalikusanywa katika bohari la Offenbach, Ujerumani, na vingi vikarejeshwa. Lakini si vyote, na mpaka leo vitabu vya uporaji ule hujitokeza sokoni.

Muislamu aliyetunza

Mjini Sarajevo, Bosnia, kipo kitabu kiitwacho Haggadah, kinachosomwa usiku wa Pasaka ya Kiyahudi. Kiliandikwa Hispania yapata mwaka 1350, na makumbusho ya Sarajevo yalikinunua mwaka 1894. Mwaka 1942 jenerali wa Kijerumani alikuja kukitaka. Derviš Korkut, Muislamu aliyekuwa mtunza vitabu wa makumbusho, alikitoa kwa siri, na inasimuliwa kuwa kilifichwa katika kijiji cha Waislamu milimani. Yeye na mkewe walimficha pia msichana wa Kiyahudi nyumbani kwao. Mwaka 1992, mji ulipozingirwa na mabomu yakiuangukia, Muislamu mwingine, Enver Imamović, aliingia na wenzake makumbushoni wakakiokoa tena.

Hawakukitunza kwa kuwa waliikubali dini iliyomo. Kilikuwa mali ya watu iliyo chini ya mikono yao, na dini yetu haikuiwekea amana sharti la dini ya mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiletewa kitabu cha aina hii, uwe visiwani au ughaibuni, uliza kwanza: kilitoka kwa nani, lini, na kwa hati gani? Tazama kama pana muhuri wa maktaba au jina lililokwanguliwa. Muuzaji akikwepa kujibu, achana nacho, kwani kununua kitu unachojua kimeibiwa hakufai, hata bei ikiwa nyepesi. Na kama umeshakirithi na hujui asili yake, kionyeshe kwa wataalamu wa nyaraka kabla hujakiuza. Huenda mwenyewe bado anakitafuta.

Na Allaah ni Mjuzi zaidi.