Uboho au PET: Fedha Iende Wapi?

Mgonjwa wa limfoma akishathibitishwa, hupewa fomu ya vipimo vya kujua saratani imefika hatua gani. Mara nyingi mstari mmoja ni wa kutobolewa mfupa wa nyonga, kutoa uboho. Kabla ya kuuliza bei, uliza jina kamili la limfoma yako, maana bei inategemea hapo.

Kwa limfoma ya Hodgkin, ukishapigwa PET-CT (picha inayotumia dawa ya mionzi), sindano ya uboho haina kazi tena. Mwongozo wa Lugano wa 2014 wa kupima hatua za limfoma ulisema hivyo waziwazi. Kwa limfoma ya seli B kubwa, PET ikionyesha uboho umeshambuliwa, inatosha. Isipoonyesha, daktari anaweza bado kutaka kipande cha uboho. Zile zinazokwenda polepole, kama ya folikuli, zikiwa ndani ya uboho hujificha vizuri mbele ya PET, na hapo sindano inalipa. Burkitt nayo hupimwa uboho, pamoja na maji ya uti wa mgongo.

Sindano ni nafuu: ganzi, dakika chache za maumivu (ganzi haiufikii mfupa wote, usidanganywe), kisha nyumbani siku hiyohiyo. Bili yake ndiyo yenye mafundo. Wapo wanaotaja ada ya kutoboa tu, halafu maabara inakuja peke yake, na rangi maalumu za kutambua seli zinakuja peke yake tena. Dai jumla. Uliza pia kama wanatoboa upande mmoja au pande zote mbili, na kwa nini. Kipande kifupi mno hakisemi kitu, na kurudia ni kulipa upya.

PET ni ghali kwa sababu dawa yake ya mionzi hupungua nusu kila dakika 110, haiwekwi stoo. Nchini Kenya, Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi inacho kipimo hicho. Anayetoka Kisumu ajumlishe nauli, malazi na msindikizaji. Mwenye kisukari aishushe sukari kwanza, la sivyo anaweza kurudishwa.

Pasipo na PET, CT pamoja na uboho si njia ya kimaskini. Lakini CT ikishaonyesha limfoma imeenea ndani ya ini, tayari ni hatua ya nne, na ya tano haipo, kwa hiyo uboho hauwezi kuipandisha hatua. Muulize daktari: “Jibu la uboho likija baya, dawa zitabadilika?” Akisema hapana, omba akueleze kwa nini bado analitaka.

Ukishatobolewa, omba ripoti, na uulize namna ya kupata vipande vilivyohifadhiwa maabara. Hospitali nyingine inaweza kuvisoma bila kukutoboa tena.