Basoko: Rangi kali za nywele zinapotengenezwa uani, beseni moja huacha hasara nyingi

Nyekundu ya pilipili, buluu ya wino, zambarau, manjano ya dhahabu. Kabla ya harusi, kabla ya Noeli na kabla ya Bonane, vijana wa Basoko, sawa na wenzao wa Kisangani, wanapenda kubadilisha rangi ya nywele. Wenye uwezo wanaenda saluni. Wengine wanafanya kazi hiyo uani, kwa beseni la nyumbani, ndoo ya maji na yaya mmoja anayesema anajua. Taabu huanzia hapo: ngozi ya kichwa kuungua, nywele kukatika, nguo kuharibika, na mara nyingine safari ya haraka mpaka kituo cha afya.

Pakiti inayosafiri kwa mto

Basoko iko pale mto Aruwimi unapoingia katika mto Kongo, upande wa chini wa Kisangani. Bidhaa za dukani zinafika kwa maji, ndani ya baleniere, zile mashua kubwa za mbao zinazobeba watu, mifuko ya chumvi, sabuni, mafuta na kila kitu kingine. Dawa za nywele zinasafiri humo humo, siku kwa siku, chini ya jua na joto.

Joto hilo si jambo dogo. Rangi kali huhitaji vitu viwili kabla ya rangi yenyewe: unga wa kuondoa rangi ya asili, na maji ya oksijeni ambayo wasusi huita oksidanti. Maji ya oksijeni huharibika polepole yakikaa kwenye joto na mwanga. Yanageuka kuwa maji ya kawaida na hewa ya oksijeni. Chupa iliyokaa muda mrefu juani inaweza kuwa imepoteza nguvu hata kama haijawahi kufunguliwa. Mnunuzi anapoona nywele hazibadiliki, anaongeza unga, au anakaa na dawa kichwani saa nzima zaidi. Nywele bado ni nyeusi, lakini ngozi imeshaanza kuungua.

Kuna pia hatari ya upande mwingine. Oksidanti huuzwa kwa nguvu mbalimbali: volumu 10 ni asilimia 3, volumu 20 ni asilimia 6, volumu 30 ni asilimia 9, na volumu 40 ni asilimia 12. Ile ya volumu 10 ndiyo nguvu ya maji ya oksijeni ya kusafisha vidonda yanayouzwa farmasia. Ile ya volumu 40 ina nguvu mara nne. Dawa ikigawanywa katika vichupa na vifuko vidogo ili kila mtu apate kipimo cha pesa yake, namba hizo zinabaki kwenye chupa kubwa, na karatasi ya maelezo pia. Aliye na kichupa kisicho na maandishi hajui kama ameshika asilimia 3 au 12.

Kwa nini buluu inageuka kijani

Nywele nyeusi zina rangi yao ndani, inayoitwa melanini. Mtu akipaka buluu au pinki moja kwa moja juu ya nywele nyeusi, haionekani, ni kama kuandika kwa wino juu ya makaa. Kwa hiyo melanini inapaswa kuvunjwa kwanza. Unga ule na oksidanti vinafanya kazi hiyo, na nywele zinapita hatua kwa hatua: nyeusi, kahawia, nyekundu, chungwa, manjano, mwisho manjano hafifu kama sehemu ya ndani ya ganda la ndizi.

Wengi hukwama kwenye chungwa. Muda umeisha, maji yameisha, kichwa kinawasha, na tochi ya simu inadanganya macho usiku. Wanapaka buluu hivyo hivyo. Lakini buluu juu ya manjano huleta kijani, na buluu juu ya chungwa huleta rangi ya matope. Anayejua kazi huangalia kwanza nywele zimefika rangi gani, ndipo achague rangi ya kupaka juu. Juu ya chungwa, nyekundu na shaba zinakaa vizuri. Buluu na zambarau safi zinadai manjano hafifu kabisa.

Tena nywele hazipauki sawasawa. Zile zilizo karibu na ngozi hupata joto la kichwa na hubadilika haraka kuliko ncha. Kijana anayepaka dawa kuanzia kwenye mizizi mpaka ncha kwa mara moja anatoka na mizizi inayong'aa na ncha za kahawia. Wasusi wenye mazoea huanza katikati na kwenye ncha, mizizi wanaiacha mwisho.

Beseni la alumini na chupa iliyofungwa

Katika nyumba nyingi, beseni lililo karibu ni la alumini au bati. Kwa dawa hii halifai. Chuma na madini mengine huharakisha kuvunjika kwa maji ya oksijeni, na mchanganyiko unaweza kupata moto na kutoa povu. Bakuli la plastiki na kijiko cha plastiki ndivyo vinavyohitajika, visirudi tena jikoni.

Kosa lingine ni kuhifadhi dawa iliyobaki. Juu ya bei yake, mtu hapendi kuitupa; anaitia katika chupa na kufunga kifuniko kwa nguvu. Mchanganyiko huo unaendelea kutoa hewa. Chupa inavimba, na inaweza kupasuka ndani ya nyumba ambamo watoto wamelala. Kilichokwisha kuchanganywa hakihifadhiwi.

Wengine, wakikosa unga wa saluni, hujaribu maji ya javeli ya kufulia nguo. Javeli haikutengenezwa kwa kichwa cha mtu. Inakula nywele yenyewe, inachoma ngozi, na ikichanganywa na dawa nyingine za nyumbani inaweza kutoa hewa inayodhuru mapafu.

Nywele zilizonyooshwa huvunjika kwanza

Hasara kubwa kuliko zote huwapata wanawake walionyoosha nywele kwa dawa. Baadhi ya dawa za kunyoosha zina soda kali, ile ile inayojulikana vizuri katika nchi ya mawese kwa sababu hutumika kupika sabuni. Inavunja vifungo vinavyoshikilia nywele ndani ili zilale. Dawa ya kuondoa rangi nayo inavunja vifungo hivyo hivyo. Nywele zilizopita katika dawa zote mbili ndani ya siku chache zinakuwa laini kama uzi uliolowa, zinavutika, kisha zinakatika karibu na ngozi.

Hakuna mafuta yanayounganisha unywele uliokatika. Nywele hukua karibu sentimita moja tu kwa mwezi. Binti aliyepoteza sentimita kumi na tano kwa jioni moja atasubiri zaidi ya mwaka mmoja.

Madoa, mvua na mto wa kulalia

Hata rangi ikikubali, kazi haijaisha. Rangi kali nyingi, za buluu, pinki na zambarau, hazizami sana ndani ya unywele. Hutoka kidogo kidogo kila zinapooshwa, na zingine huisha baada ya kuoshwa mara chache. Zinapotoka, zinaenda mahali fulani: kwenye taulo, kwenye shuka, kwenye mto wa kulalia, kwenye ukosi wa shati jeupe la kwaya. Basoko, ambako mvua ni rafiki wa karibu miezi yote, mtu anaweza kuondoka nyumbani na kichwa chekundu na kufika kanisani na shingo nyekundu.

Maji yenyewe ni tatizo. Kusuuza dawa vizuri kunataka maji mengi, na palipo na bomba mbali, kila ndoo inabebwa kichwani. Ndiyo maana wengi wanasuuza haraka, na mabaki ya dawa yanaendelea kuchoma ngozi usiku mzima. Wengine hushuka mtoni na kuinamisha kichwa. Povu linaingia machoni. Maji ya kisima yenye kutu pia hugeuza nywele zilizopauka kuwa na rangi ya chungwa isiyopendeza, kwa sababu nywele hizo hufyonza kila kitu. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi yanasaidia zaidi.

Kurudi kwenye nyeusi nako kuna hatari

Jumatatu inapofika, shule nyingi hazikubali kichwa cha rangi, na baadhi ya wazazi na wachungaji pia hawakubali. Aliyetoka na chungwa la aibu anakimbilia rangi nyeusi, ile ambayo wengi kwa Kilingala wanaiita yombo. Ngozi yake tayari ina vidonda vya dawa ya kwanza.

Rangi nyingi za kudumu za nyeusi zina kemikali inayoitwa parafenilenediamini, kwa kifupi PPD, au ndugu zake. Katika Umoja wa Ulaya, sheria hairuhusu izidi asilimia 2 katika dawa inapopakwa kichwani. Kwa mtu ambaye mwili wake haiipokei, inaleta mwasho, malengelenge, na kuvimba kwa uso na macho. Jambo la hatari ni kwamba mwili unaweza kuikubali leo na kuikataa mara nyingine. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, kemikali hiyo hiyo iko katika piko, rangi nyeusi ya kujichora mwilini, na watu wameachiwa alama za kuungua. Nchini Sudan, ambako PPD tupu ilizoea kuchanganywa na hina, waganga wameandika kwa miaka mingi kuhusu watu waliovimba koo hadi kushindwa kupumua, na wengine waliopata ugonjwa wa figo, hasa walioinywa.

Kuhusu kansa, utafiti mmoja wa Marekani uliofuatilia wanawake 46,709 ulitangazwa Desemba 2019. Uliona kwamba waliotumia rangi za kudumu walipata kansa ya matiti kwa kiwango kilichozidi kwa asilimia 9 kile cha wasiotumia. Kwa wanawake weusi kilizidi kwa asilimia 45. Kwa rangi zinazotoka kwa kuoshwa, tofauti ilikuwa ndogo au haikuwepo. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha uhusiano. Peke yake hauthibitishi kwamba rangi ndiyo chanzo.

Rangi si ngeni Kongo

Wazee wanaolaumu vijana wanasahau kwamba rangi kichwani si kitu cha jana. Katika bonde la mto Kongo, unga mwekundu wa mti wa ngola ulichanganywa na mafuta na kupakwa mwilini na katika nywele, kwa uzuri na kwa sherehe. Tofauti ni kwamba ngola inakaa juu ya unywele. Haivunji kitu ndani yake. Rangi za kemikali zilikuja baadaye: Mfaransa Eugène Schueller alitengeneza rangi yake ya nywele mwaka wa 1907, na kampuni aliyoianzisha mwaka wa 1909 ndiyo leo L'Oréal.

Mpira wa miguu nao ulizidisha tamaa. Kwenye Kombe la Dunia la 1998 nchini Ufaransa, wachezaji wa Romania walitokea mbele ya Tunisia karibu wote na nywele za manjano, na beki wa Nigeria Taribo West alicheza na nywele zenye rangi ya kijani. Kinachosahauliwa ni kwamba watu kama hao wana fundi, maji ya kutosha, na pesa ya kurekebisha kosa.

Kwa anayetaka rangi

Asiyeweza kwenda saluni anaweza kupunguza hasara. Dawa hujaribiwa kwanza nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa saa 48, na kwenye kifungo kidogo cha nywele. Kichwa chenye kidonda hakipakwi kitu. Oksidanti isiyojulikana nguvu yake haitumiwi, na ile ya asilimia 12 haigusi ngozi. Glavu ni lazima. Vazelini au mafuta ya kula kwenye paji la uso na masikioni huzuia madoa. Ndoo za maji zijazwe kabla ya kuanza, kazi ifanywe mchana, mahali penye hewa, watoto wakiwa mbali. Dawa ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha mtu aende kwa mganga. Mtoto akiinywa, asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa. Uso au koo vikianza kuvimba, hakuna kusubiri asubuhi.

Nywele zilizonyooshwa zisipakwe dawa ya kuondoa rangi nyumbani. Kwa wenye nywele hizo, na kwa wanafunzi, iko njia rahisi ambayo wasusi wa Basoko wanaijua tayari: meshi zilizotiwa rangi kiwandani. Nyekundu, buluu au zambarau zinasukwa Ijumaa, zinachezwa nazo harusini Jumamosi, na Jumapili jioni zinafumuliwa kabla ya shule. Nywele zenyewe zinabaki salama.