Ifakara kwa Kalenda ya Mto

Mgeni anayekusudia kuuzuru mji wa Ifakara aghalabu huanza kwa kuuliza habari za nauli na nyumba za kulala, na hayo ni mambo ya haki kuulizwa. Walakini swali linalotangulia yote, ambalo mwenyeji yeyote angelimwuliza lau angelipata wasaa, ni hili: waja mwezi gani? Kwani Mto Kilombero, unaokusanya maji ya Mpanga, Mnyera, Ruhudji na mito mingine ishukayo milimani, kisha ukaenda kukutana na Luwegu na kuwa Rufiji, ndio unaowapangia watu wa bonde hili majira ya kulima, ya kuvua na ya kusafiri, wala haumpi mgeni kalenda nyingine.

Mji umekaa kwenye tambarare, kimo cha mita 250 hivi tu juu ya usawa wa bahari, safu ya Udzungwa ikiwa upande mmoja na milima ya Mahenge ng'ambo ya mto. Machi hadi Mei ni masika, na hapo bonde hugeuka ziwa la nyasi: mashamba huzama, njia za vijijini hukatika, na Mto Lumemo, upitao ubavuni mwa mji, umekwisha kuingia majumbani mwa watu zaidi ya mara moja. Novemba hadi Februari ni joto zito lenye unyevu, majira ya kulima na kupanda, ambapo hata kivuli cha mwembe hakimponyi mtu. Kwa hiyo nasema kwa yakini kwamba mwezi ulio bora ni Julai. Njia zimekauka, asubuhi zina ubaridi mwembamba, na mpunga umevunwa au wavunwa, hata barabara zote zaelekea Ifakara na malori ya magunia. Mwenye kuja Septemba ataona jua zaidi, lakini ataona vumbi pia, na moshi wa nyasi zinazochomwa.

Njia za kufika ni mbili. Ya kwanza ni basi, litokalo Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, Dar es Salaam, likapita Morogoro na kukata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ambamo abiria wa upande wa dirisha huwaona twiga na nyati bila ya kulipa kiingilio. Kisha kwenye mji wa Mikumi huiacha barabara kuu na kushika kusini hadi Kidatu, penye mashamba ya miwa yasiyokwisha kwa macho. Kutoka Kidatu hadi Ifakara ni kiasi cha kilomita 67, na walioipita njia hiyo zamani, wakati wa tope, wakalala garini, wataistaajabia lami ya leo.

Ya pili ni treni ya TAZARA, na hiyo ndiyo niipendayo. Reli hii, ambayo wazee wangali wakiiita Reli ya Uhuru, ilijengwa kwa msaada wa Uchina baina ya 1970 na 1975, nayo huenda kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Lakini kwa watu wa Kilombero haikuwa njia ya shaba ya Zambia tu, bali ilikuwa soko lao. Kulikuwa na treni fupi ya wenyeji, waliyoiita kipisi, iliyosimama stesheni baada ya stesheni, na mama mwenye mikungu miwili ya ndizi au debe la mchele aliweza kupanda nayo akauze Mlimba au Kidatu, akarudi na chumvi na nguo. Na vijiji vingi kando ya reli hiyo vilikua kwa biashara ndogo namna hiyo. Treni itokayo Dar es Salaam hupita katika pori lililokuwa Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na msafiri akibahatika kulipita mchana atashukuru. Hadhari moja tu: ratiba ya treni hizi imekuwa ikibadilika mno, pengine safari zikasimama kabisa, basi aende stesheni mwenyewe kuuliza kabla ya kufunga mzigo.

Ndani ya mji hakuna shida ya kwenda wala kurudi. Ardhi ni sawa kama meza, na baiskeli ndiyo iliyokuwa chombo cha kila nyumba kabla ya bodaboda na bajaji kuingia. Mgeni akiweza kuazima baiskeli, na ajipatie, kwa sababu ataamkiwa na watu ambao katika bajaji wasingalimwona. Aanze Kibaoni, apite sokoni, kisha aulize walipo akina mama wafumaji, wanaofuma vitambaa kwa mikono kwenye mitambo ya mbao.

Amma jambo ambalo mgeni asiondoke Ifakara bila ya kulifanya ni kwenda Kivukoni jioni, jua likiwa limeshuka kadiri ya kumwezesha kufumbua macho. Hapo ndipo palipokuwa na pantoni, na kwa miaka mingi kila mgonjwa wa Ulanga, ng'ambo ya mto, aliyepelekwa hospitali ya Ifakara, kila mwalimu na kila gunia la mpunga vilingoja hapo rehema ya maji. Mwezi wa Januari 2016 kivuko kilizama katika dhoruba, magari yakaenda chini. Miaka miwili baadaye, tarehe 5 Mei 2018, likafunguliwa daraja la zege lenye urefu wa mita 384, lililopewa jina la Rais Magufuli aliyelifungua. Nimelipita kwa miguu polepole, na nilichokiona nakiona hata sasa nikifumba macho: mitumbwi ya kuchongwa gogo moja, ya Wandamba, ambao tangu kale ni mabwana wa maji haya, ikiteleza chini ya nguzo, mvuvi amesimama wima na upondo wake, na mbali, kwenye kina, migongo ya viboko. Wala mtu asishawishike na joto akaoga hapo. Mamba wamo, na kichocho kimo katika maji yaliyotuama.

Akitaka kwenda mbele zaidi, kuna uwanda wa mto, ulioandikwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa ulimwengu mzima, nao ndio maskani ya sheshe, swala mwekundu apendaye majani mabichi ya kando ya maji. Zamani ilikadiriwa kwamba takriban robo tatu ya sheshe wote wa duniani walikuwa humu. Leo mashamba na makundi ya ng'ombe yamewasukuma, idadi yao imepungua sana, na jambo hilo lanihuzunisha kuliko niwezavyo kueleza. Kadhalika yuko ndege wa jamii ya kwera, mwenye manjano kifuani, asiyepatikana popote ghairi ya bonde hili, ambaye wataalamu hawakumpa jina mpaka 1990.

Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, ina lango lake Mang'ula, njiani kati ya Kidatu na Ifakara. Humo hakuna kupanda gari, ni miguu tu na kiongozi, na maporomoko ya Sanje, yaangukayo mita 170, yastahiki siku nzima na viatu imara. Mahenge, ng'ambo ya daraja, kiasi cha kilomita 70, kuna hewa baridi na kumbukumbu ya boma la Wajerumani lililoshambuliwa na wapiganaji wa Maji Maji tarehe 30 Agosti 1905.

Habari ya mbu siifichi. Bonde hili lilijulikana kwa malaria hata ikawa sababu ya wataalamu kuja: Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifika 1949, akawakuta wamisionari Wakapuchini wa Uswisi, na 1957 ikafunguliwa maabara ndogo ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, yenye sifa duniani. Katika miaka ya 1990 vyandarua vyenye dawa viliuzwa vijijini humu kwa jina la Zuia Mbu, na matokeo yakawa hoja ya kuvieneza nchi nzima. Basi mgeni alale ndani ya chandarua, akikague matundu kabla taa haijazimwa, na akipata homa, hata akiwa amekwisha rudi kwao, aende kupimwa siku ile ile. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iko mjini.

Na chakula? Kwa mama ntilie aagize wali na samaki, perege au kambale kwa kadiri ya mto ulivyotoa asubuhi, wala asiharakishe kuongeza kitoweo kabla ya kuonja wali peke yake, kwani harufu ya mpunga wa Supa, uliokomaa katika udongo mweusi wa mafuriko, hutangulia sahani mezani. Dar es Salaam jina la mchele wa Kilombero hubandikwa magunia mengi. Hapa mgeni hununua kwa mkulima au kwa mwenye mashine, akiutazama unavyokobolewa. Amwulize tu kama ni wa msimu huu au wa mwaka uliopita, maana ulio mpya hushikana upesi, nao huo, atakapofika nyumbani, aupunguzie maji.